Jiwe la Kilo Tano

Muuguzi Pulchérie hakuwa mtu wa kuingia ovyo kwenye nyumba za watu, kwa hiyo Mama Émilienne alipomwona akiinama kupita mlangoni nyuma ya mwanawe Wilfried, alijua wamekuja kuomba kitu. Alipangusa kigoda kwa pembe ya kikwembe chake, akamkaribisha, akamwomba radhi kwamba hakuna chai. Hapo mjini Baraka mwaka ule wa vita kila mwenye nyumba alianza kwa kuomba radhi ya namna hiyo, na kila mgeni alijibu kwamba ametoka kunywa sasa hivi.

“Mama,” alisema Wilfried, “tuko na lazima ya jiwe yako.”

“Jiwe gani?”

“Ile ya kupimia ndagala. Ya kilo tano.”

Mama Émilienne alitupa jicho chini ya kitanda, jiwe lilipokaa.

“Tangu soko ife sijaigusa. Munaenda kupima nini? Samaki iko wapi?”

“Batoto,” alisema Pulchérie.

Akaeleza. Shirika la misaada lilikuwa limefungua kituo cha lishe ndani ya ghala la zamani la pamba, na mzani wa umeme wa kupimia watoto ulikuwa umeletwa kwa boti. Pamoja nao lilikuja jiwe la shaba ndani ya kisanduku cha mbao, la kuusahihisha. Kwenye kizuizi cha barabara ya kutoka bandarini askari alifungua kisanduku, akaona njano inang'aa, akaondoka nalo mbio akidhani ametajirika. Mzani wenyewe waliuangusha wakati wa kushusha mizigo. Sasa ulikuwa unasema ubao mtupu wa kulaza mtoto una uzito wa mbuzi.

“Wilfried anasema anaweza kuiregle, kuirudisha sawa,” alisema Pulchérie. “Lakini anataka kitu yenye uzito wa kweli, yenye haina mashaka. Nimeuliza bamama. Bote wamenijibu kitu moja: enda kwa Mama Émilienne, muke wa shemasi Déogratias. Ile jiwe yake njo kilo ya kweli humu Baraka.”

“Na maji?” aliuliza Mama Émilienne taratibu. “Banasema litre moja ya maji ni kilo moja.”

“Bidon zetu zote za maji zimevimba, Mama,” Wilfried alisema. “Bidon ya tano inaingiza karibu sita. Jiwe yako iko chuma. Imeandikwa, imepigwa muhuri wa zamani za Wabelgiji. Chuma haivimbe.”

Georgette, mke wa Wilfried, alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma akichambua sombe, majani ya muhogo, na binti yao Fanny amelala mgongoni mwake. Aliinua macho kumtazama mama mkwe wake, kama walivyofanya wengine. Wote walikuwa wanangoja neno moja dogo.

Jiwe lile lilikuwa na tumbo tupu. Chini yake, mahali ambapo watengenezaji huweka kizibo cha madini ya risasi, marehemu Déogratias alikuwa ameichimba risasi yote kutengeneza vizito vya wavu, mwaka ambao vizito havikupatikana hata kwa dawa. Risasi ilipokwisha, alimwambia mhunzi apanue tundu kidogo, kisha zaidi kidogo, maana alishaona kwamba samaki waliouzwa kwa jiwe lile wanachelewa kwisha kapuni. Tundu akaliziba kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na masizi. Mama Émilienne alilia siku alipojua. Baadaye alizoea, na baada ya kuzoea akasahau, na mtu aliyesahau hutembea kanisani kichwa juu kama wenzake.

Angesema. Mimi naamini angesema, kama wangekuwa wawili tu, yeye na mwanawe, na mlango umefungwa. Lakini alikaa pale muuguzi wa watu, na alikaa pale mkwe wake, na sifa ilikuwa imeshamiminwa juu ya kichwa chake kama mafuta ya maombi. Akapiga hesabu ya haraka. Jiwe hili lilikuwa linawapunja wanunuzi: walipata pungufu. Basi na mtoto atakayepimwa kwalo ataonekana pungufu. Ataonekana mwembamba kuliko alivyo, na kituo kitampokea. Watoto wengi zaidi watapewa maziwa. Dhambi ya Déogratias, Mungu akipenda, itageuka kuwa sadaka.

Hesabu hiyo ilimridhisha. Ilikuwa imesimama kichwa chini miguu juu, lakini nani angemwambia?

“Muichukue,” alisema. “Lakini munirudishie. Ni kumbukumbu ya muzee wangu.”

Pulchérie alimshukuru kwa mikono miwili.

&nbsp;

Wilfried alikuwa fundi wa redio kabla redio zote za mji hazijabebwa na wenye bunduki. Alipofungua kisanduku cha mzani siku ile, juu ya meza ya kituo, alicheka kidogo kwa furaha, kwa sababu alimkuta humo ndugu anayemfahamu.

“Unaona hii?” alimwambia Pulchérie. “Hii ni ampli. Sawa na ya redio.”

Akamwonyesha. Chini ya ubao wa kulalia mtoto palikuwa na chuma kidogo ambacho hupinda uzito ukikaa juu yake, hupinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Chuma hicho hutoa umeme dhaifu, mnong'ono tu. Kazi ya ampli ni kuukuza mnong'ono huo hadi uwe namba inayosomeka. Ampli ile ilikuwa na skrubu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuufanya ubao mtupu useme sifuri. Ya pili ilikuwa ya kuiambia ampli ikuze kiasi gani.

“Ya kwanza ni nyepesi,” alisema Wilfried. “Kosa yake unaiona palepale. Ya pili njo mubaya. Ukiikosea, kila kitu inaongezeka ao inapunguka kwa namna moja, na hakuna mutu atajua, juu uongo yake iko imenyooka.”

“Njo maana tumeleta jiwe,” alisema Pulchérie.

“Njo maana.”

Aliunganisha betri ya gari. Akaizungusha skrubu ya kwanza mpaka kioo cha namba kikasoma sifuri. Kisha akaliweka jiwe la mama yake katikati ya ubao, polepole, kama anayemlaza mtoto. Kioo kikaonyesha namba ya ovyo. Akaanza kuizungusha skrubu ya pili kwa ncha ya bisibisi, kidogo kidogo, akishikilia pumzi, mpaka namba zikatulia: 5,0. Akalitoa jiwe, akaangalia sifuri, akalirudisha. Tano kamili. Akarudia tena na tena, na kila mara ilikuwa tano kamili, na uso wake ukawa na nuru ambayo haukuwa nayo tangu vita ilipomwondolea kazi.

Basi ilikuwa hivi, na niseme wazi ili asilaumiwe mtu kwa lisilo lake: jiwe lile lilipungua nusu kilo. Ampli ililazimishwa kuita tano kitu ambacho hakikuwa tano. Tangu dakika ile kila mtoto aliyelazwa juu ya ubao aliongezewa nyama ambayo hakuwa nayo. Yaliyotokea yalikuwa kinyume cha hesabu ya Mama Émilienne.

Wilfried alidondoshea nta ya mshumaa juu ya skrubu zote mbili ili mtu asiziguse. Alilipwa sabuni ya mche na chupa ya mafuta. Alipita nazo njia ya sokoni makusudi, japo nyumbani kulikuwa upande mwingine.

&nbsp;

Fanny alikuwa amekwisha kuanza kutembea, kisha akaacha. Mwanzoni waligombana juu ya jambo hilo kwa mzaha. Wilfried alisema binti yake ni mvivu kama wajomba zake wa Lubondja. Mashamba ya hao wajomba yalikuwa yamebaki kwenye mikono ya wapiganaji, muhogo ulikuwa unaoza ardhini, na anayethubutu kwenda kuung'oa hakurudi na hadithi nzuri. Maziwa ya Georgette yalikauka. Mtoto alikula sombe bila mafuta, akatapika, akalala. Nywele zake zikageuka rangi ya majani makavu. Mafuta ya mshahara wa mzani yalikwisha, na bado alilala.

Asubuhi ya kupimwa Georgette alifika kituoni mapema, akapanga mstari nyuma ya jirani yao Marthe, aliyekuwa amembeba bintiye Rosette. Watoto hao wawili walizaliwa msimu mmoja na walilingana urefu kama waliokatwa kwa kamba moja.

Rosette alipimwa kwanza. Kioo kilisema 7,1: saba virgule moja. Pulchérie alifuata kwa kidole kwenye karatasi ya ukutani, urefu huku, uzito huku, mpaka kwenye mstari mwekundu.

“Mustari yake iko sita na nusu, Mama Rosette. Mutoto yuko juu. Haingie.”

“Juu namna gani?” alisema Marthe. “Umuangalie mbavu.”

“Ninamuangalia, mama. Lakini fasi ziko kidogo, na tunaambiwa tufuate namba.”

Marthe alimfunga mwanawe mgongoni. Ikaja zamu ya Fanny. Kioo kilicheza, kikatulia. Sita virgule tisa.

“Naye pia yuko juu,” alisema Pulchérie, na sauti yake haikuwa na raha.

“Rudia,” alisema Georgette.

Pulchérie alirudia. Namba ilikuwa ileile.

“Rudia tena, mama yangu. Pengine nguo.”

“Hana nguo, Mama Fanny.”

Nyuma yao mwanamke mmoja kwenye mstari alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wake wa mafundi wanadhani mzani ni mali ya waume zao. Mwingine akaongeza kwamba wenye mafuta ya kituo nyumbani waache nafasi kwa wenye njaa. Watu wakacheka, kicheko kile cha watu waliochoka. Georgette alimchukua Fanny uchi kutoka ubaoni, na kwa haraka ya kutoka akasahau kikwembe cha kumfungia. Ilibidi arudi kukichukua mbele ya macho yaleyale.

“Murudi wiki kesho,” Pulchérie alimwambia mlangoni, akikwepa macho yake. “Tutamupima tena.”

Jioni ile mkubwa wa shirika alisema mkutanoni kwamba wanaokataliwa wanaongezeka, na hiyo ni dalili njema, maana yake njaa ya Baraka inapungua.

&nbsp;

“Mashine yako imekosea,” Georgette alisema nyumbani.

Wilfried alikuwa anafungua redio iliyokufa zamani, akitafuta ndani yake kipande cha kuuza. Aliweka bisibisi chini.

“Haikosee. Niliiregle mi mwenyewe.”

“Mi niko namubeba kila siku. Mikono yangu inamujua huyu mutoto. Kila asubuhi anapunguka.”

“Mikono inachoka, Mama Fanny. Njo maana watu walitengeneza balanse ya kupimia. Balanse haiko mutu, haina woga, haina hasira. Nimeweka jiwe, imesema tano. Nimeweka tena, imesema tano.”

“Basi mukono yangu inadanganya?”

“Sijasema vile.”

“Umesema.”

Alikuwa amesema, na alijua. Lakini kitu pekee alichokuwa amekifanya sawasawa katika miaka ya vita kilikuwa ile skrubu, na mke wake alikuwa anamwomba akitupe. Nani anatupa cha pekee alichonacho? Hivyo akanyamaza, akafanya kosa la wanaume wengi, akadhani kunyamaza ni upole.

Mama Émilienne aliingilia kati. Na hapa ndipo moyo unaponiuma nikilitazama jambo hili lote, maana kati ya watu watatu wa nyumba ile, yeye ndiye aliyekuwa na uhakika mkubwa zaidi. Alilijua jiwe lake. Kwa hesabu yake ile ya kichwa chini, mzani uliosahihishwa kwa jiwe lile ulikuwa unawaonyesha watoto wepesi kuliko walivyo. Ikiwa hata hivyo Fanny amepita mstari, basi Fanny kwa kweli ni mzito zaidi hata ya namba ile. Mtoto hana njaa. Mtoto ana kitu kingine, minyoo, au meno yanaota.

“Tulia, mukwe wangu,” alisema. “Ile namba, mi nakuambia, kama ingekosea, ingekosea upande wa kutusaidia.”

“Unajua namna gani, Mama?”

“Najua.”

Georgette alimtazama. Hakuuliza tena, kwa sababu mkwe hamuulizi mama wa mumewe mara mbili. Alichemsha majani ya kutoa minyoo, kama mama mkwe alivyomwagiza. Fanny aliyatapika, na baada ya majani alitapika maji, na baada ya maji hakutapika tena kwa sababu hakukuwa na kitu.

&nbsp;

Soko lilikuwa limeanza kupumua tena, meza chache tu karibu na ziwa. Mama Émilienne alikwenda huko na kipande cha ile sabuni ya mche kutafuta ndagala, amsagie mjukuu wake unga wa mchuzi. Mwuzaji alikuwa mama kijana aliyevuka ziwa kutoka Ubwari, mwenye mzani wa mikono miwili na jiwe la kilo moja. Wakapatana. Mama kijana akaweka jiwe upande huu, ndagala upande ule, mikono ikalingana, akamwaga samaki kwenye sahani ya mteja.

Mama Émilienne aliitazama sahani. Maisha yake yote alikuwa upande wa pili wa meza. Hakuwahi kununua ndagala.

“Hii njo kilo?” aliuliza.

“Kilo, koko,” alijibu mama kijana, akimwita bibi.

“Iko kidogo.”

“Tuulize jiwe, koko. Jiwe imesema kilo.”

Lilikuwa neno lake mwenyewe. Alilisema kwa miaka, kwa tabasamu hilohilo: tuulize jiwe. Akabaki ameishika sahani. Samaki walikuwa wachache, mtu yeyote mwenye macho angeona, lakini walishaitwa kilo, na kwa kuwa walishaitwa kilo hakuna ambaye angewaongeza. Kidogo kilikuwa kimepewa jina la kingi. Jiwe jepesi halikumpunguza samaki, lilimsifu. Lilimwongezea asichokuwa nacho.

Na Fanny je?

Aliiweka sahani mezani. Mama kijana alimwita, koko, samaki zako, koko, sabuni yako. Mama Émilienne alikuwa ameshaondoka, anakimbia, mwanamke mzima wa kanisa, na kitambaa cha kichwani kimemwanguka njiani bila yeye kugeuka.

&nbsp;

Pulchérie alikuwa amekwisha kulirudisha jiwe, na lilikuwa mahali pake chini ya kitanda. Mama Émilienne alilivuta nje, akalipindua juu ya sakafu mbele ya mwanawe na mkwe wake.

“Toboa hapa,” alisema.

“Mama, kuna nini?”

“Toboa, Wilfried.”

Wilfried alichukua msumari. Masizi yakabanduka, chini yake nta ikatoka, kipande baada ya kipande, laini, bado ina harufu ya asali. Msumari ulizama mpaka ukapotea. Hakuwa na haja ya kuelezwa. Fundi wa ampli alielewa palepale ni upande gani, na ni kiasi gani, na uso wake ukazeeka mbele yao.

“Baba njo alifanya,” alisema Mama Émilienne. “Na mi nikanyamaza. Nilizani itasaidia batoto. Mungu anajua, nilizani itasaidia.”

Georgette hakungoja mwisho. Alikuwa amekwisha kumfunga Fanny mgongoni na alikuwa mlangoni.

Kituoni Pulchérie aliwaona wanavyokuja, hakuuliza mzani. Alimpokea mtoto mikononi, akamlaza, akampitishia mrija mwembamba puani, maziwa tone kwa tone. Wilfried alisimama ukutani akisema, sita virgule mbili, ya kweli alikuwa sita virgule mbili, chini ya mustari, mpaka Pulchérie alipomwomba atoke nje. Kwa muda ilionekana kama mtoto anarudi. Alifungua macho, akamtafuta mama yake, akampata. Kesho yake kabla ya saa sita mchana miguu yake ikapoa, Pulchérie akaisugua, Georgette akaisugua, na haikupata joto tena.

“Alichoka sana,” alisema Pulchérie, naye analia. “Kama angekuja mbele kidogo...”

“Alikuja,” alisema Georgette. “Mukamurudisha.”

&nbsp;

Walipotoka makaburini watu walimwambia Wilfried akae nyumbani apokee pole. Hakukaa. Alichukua bisibisi yake, akaenda kituoni, kwa sababu mzani ulikuwa bado unasema uongo na mstari wa akina mama ulikuwa bado umefika barabarani.

Alitafuta kitu cha kweli cha kuweka juu ya ubao. Ndani ya chumba cha dawa, kwenye rafu, kulikuwa na chupa za seramu, maji ya kumtundikia mgonjwa, kila moja imeandikwa kiwandani litre moja, hazijafunguliwa, hazijavimba. Zilikuwa hapo siku zote. Alimwaga tano kwenye ndoo ya kituo iliyooshwa, baada ya kuiweka ndoo tupu kwanza na kuufanya mzani useme sifuri. Pulchérie hakumzuia kumwaga dawa, ingawa angeulizwa. Kioo kikasoma namba kubwa kuliko tano. Wilfried akakwangua nta ya mshumaa aliyoidondosha mwenyewe, akaanza kuirudisha skrubu nyuma, kidogo kidogo.

Mama Émilienne alikuja nyuma yake, na hakuna aliyemwita. Alikuwa amebeba jiwe kichwani. Alilishusha mlangoni, mbele ya mstari wote, akasimama kama mtu aliyeitwa kutoa ushuhuda kanisani.

“Bamama,” alisema, “munijue leo. Mulinunua kwangu miaka mingi. Kilo zenye nilibapatia hazikukuwa kilo. Na batoto benu wenye barudishwa hapa, barudishwa sababu ya jiwe yangu. Mutoto wetu amekufa sababu ya jiwe yangu.”

Mwanamke mmoja alitema mate pembeni. Mwingine alikohoa. Ingekuwa afadhali wangempiga. Alifungua fundo la kikwembe chake, akatoa vizito vya risasi alivyovifungua usiku kucha kutoka kwenye wavu wa marehemu uliokuwa ukining'inia nyumbani, akachuchumaa na kuanza kuvisukuma kimoja kimoja ndani ya tundu la jiwe. Vilikwisha kabla tundu halijajaa.

“Zingine ziko ziwani,” alisema, na haijulikani alimwambia nani.

Wilfried alimaliza. Tano kamili, na safari hii ilikuwa tano; akaitoa ndoo, akairudisha sifuri. Pulchérie alifungua mlango na kuwaita kwanza waliorudishwa. Marthe aliingia, akamfungua Rosette mgongoni, kisha akasita, kwa sababu nyuma yake alikuwa amesimama Georgette. Hakuna aliyemwona anafika. Alikuwa amevaa nguo za msibani na mikono yake haikuwa na kitu.

Wilfried alimtazama mke wake. Swali alilotakiwa kumwuliza jioni ile akifungua redio, akaacha, aliliuliza sasa.

“Mama Fanny,” alisema, “umushike kwanza. Mbele ya balanse. Unaona namna gani?”

Marthe alimpa mtoto. Georgette alimpokea Rosette, akamweka vizuri kwenye mkono wa kushoto, mahali pale pa siku zote, akamwinua kidogo, akamshusha, akamwinua tena.

“Iko muzito,” alisema hatimaye. “Iko muzito kupita Fanny wangu.”

Akamlaza ubaoni. Namba zikacheza, zikatulia: 6,4. Pulchérie alifuata kwa kidole mpaka kwenye mstari mwekundu, akaona kidole chake kimesimama chini yake.

“Anaingia,” alisema.

Marthe aliziba mdomo kwa kiganja ili asishangilie mbele ya mfiwa. Georgette alichukua kikwembe kilichokuwa pembeni ya ubao, akamfunika Rosette, akamkabidhi kwa mama yake. Kisha akatoka, akapita kando ya mama mkwe wake aliyechuchumaa mlangoni. Wilfried alitaka kumfuata, lakini mtoto mwingine alikuwa amekwisha kulazwa juu ya mzani.